Kombora lisilosubiri amri: Swali la mtoto lililotukumbusha usiku wa degedege

"Mamdogo, huyu anaongeaje na manowari zake haraka hivyo, na ziko kwenye nyota nyingine?"

Niliulizwa swali hilo Jumamosi jioni na mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 12. Tulikuwa sebuleni kwao tukiangalia sinema ya Ender's Game, iliyowekewa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili. Kwenye skrini, kijana wa rika lake alikuwa amesimama gizani akipunga mikono. Kila alipopunga, manowari za angani zilizo mbali kupita kiasi ziligeuka na kufyatua silaha papo hapo.

Nilitaka kumwambia hiyo ni sinema tu, tuendelee kuangalia. Lakini shuleni ameshafundishwa kuwa mwanga wa jua hutumia dakika 8 hivi kutufikia. Kama mwanga wenyewe unachelewa, amri ya yule kijana inafikaje bila kuchelewa?

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimezoea chanjo, lishe na kliniki za wajawazito. Nilimwomba anipe wiki moja. Nilichokisoma katika wiki hiyo kilinirudisha kwenye usiku mmoja wa masika ambao familia yetu haijausahau, na ndiyo sababu makala haya yako kwenye ukurasa wa familia. Usiku huo nitausimulia. Kwanza tumjibu mtoto.

Habari inayozeeka njiani

Mwanga husafiri takribani kilometa 300,000 kwa sekunde. Mawimbi ya redio, ambayo hubeba sauti za simu zetu za mkononi, huenda angani kwa kasi hiyohiyo. Hapa duniani kasi hiyo ni kubwa kiasi kwamba hatuoni kama kuna kuchelewa. Ukitoka nje ya dunia, unaanza kuona.

Ujumbe wa redio hufika mwezini kwa sekunde 1.3 hivi. Kufika sayari ya Mars huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea dunia na Mars ziko wapi katika mizunguko yao. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, kiko mbali kiasi kwamba salamu huchukua zaidi ya saa 22 kukifikia, na jibu huchukua muda kama huo kurudi.

Sasa chukua vita ya kubuni. Manowari yako imerusha kombora, na kombora hilo limefika kilometa milioni 30 kutoka ulipo, karibu na adui. Umbali huo ni moja ya tano tu ya umbali kati ya dunia na jua. Kombora linamwona adui akikata kona, linakutumia taarifa. Taarifa inakufikia baada ya sekunde 100. Unatoa amri ya kugeuka, nayo inatumia sekunde 100 nyingine kwenda. Jumla ni dakika 3 na sekunde 20, hata kama wewe uliamua bila kufikiri hata kidogo.

Ikiwa adui huyo anakwenda kilometa 50 kwa sekunde, katika muda huo amesogea kilometa 10,000, zaidi ya mara 8 ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Amri yako ilikuwa nzuri, ila imefika wakati adui ameshaondoka pale ulipomwona.

Waandishi wa hadithi za anga wamehangaika na tatizo hili kwa miaka mingi. Wengi wao wamechagua moja kati ya njia mbili.

Njia ya kwanza: Kuupita mwanga

Njia ya kwanza ni kubuni kifaa kinachotuma ujumbe haraka kuliko mwanga. Mwandishi wa Marekani, Ursula K. Le Guin, alikitaja kifaa cha namna hiyo katika riwaya yake ya mwaka 1966 na kukiita ansibo. Waandishi wengine walilipenda jina hilo wakaliazima. Mmoja wao ni Orson Scott Card, aliyeandika riwaya ya Ender's Game mwaka 1985, iliyotengenezewa sinema mwaka 2013. Kwa hiyo kijana tuliyemwona akipunga mikono anatumia ansibo. Katika riwaya, manowari zenyewe ziliondoka miaka mingi kabla hajazaliwa, kwa sababu haziwezi kuupita mwanga. Amri tu ndiyo hufika papo hapo.

Mwandishi mwingine, David Weber, alianza mwaka 1993 kutoa mfululizo wa riwaya kuhusu Honor Harrington, ofisa mwanamke wa jeshi la manowari za angani. Huko vita hupiganwa kwa makombora yanayosafiri mamilioni ya kilometa, na tatizo la amri kuchelewa limewekwa wazi. Weber alibuni mawasiliano yanayotumia mitikisiko ya nguvu ya uvutano, ambayo kwenye hadithi zake huupita mwanga. Mwanzoni mawasiliano hayo ni ya polepole, yanabeba maneno machache. Kadiri riwaya zinavyoendelea, wahandisi wake wanayaboresha. Katika riwaya ya mwaka 2005, At All Costs, yanafungwa kwenye kombora lenyewe. Kombora moja kiongozi huchukua amri kutoka kwenye manowari na kuwaongoza wenzake. Upande wenye teknolojia hiyo unampiga adui kutoka mbali ambako yeye hawezi kulenga kwa uhakika.

Mtoto akikuuliza kama jambo hilo linawezekana, mjibu kwamba kwa sayansi tunayoijua leo haliwezekani. Albert Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba kasi ya mwanga ni mpaka. Hesabu zake zina jambo la ajabu zaidi: kama ujumbe ungeweza kuupita mwanga, kuna msafiri ambaye angeona ujumbe huo umefika kabla haujatumwa. Yaani jibu lingetangulia swali.

Nguvu ya uvutano nayo haitoi njia ya mkato. Agosti 17, 2017, mitambo ya Marekani na Italia ilinasa mitikisiko ya uvutano kutoka kwa nyota mbili zilizogongana mbali sana. Sekunde 1.7 baadaye ukanaswa mwanga wa gama wa tukio hilohilo. Baada ya safari ya takribani miaka milioni 130, vitu hivyo viwili vilifika karibu pamoja. Mitikisiko ya uvutano huenda kwa kasi ya mwanga, si zaidi.

Njia ya pili: Kuliachia kombora liamue

Njia ya pili ni kukubali kwamba amri itachelewa, na kujiandaa kwa hilo kabla ya kurusha. Hivi ndivyo ilivyo katika riwaya za The Expanse, zilizoanza kutoka mwaka 2011 na baadaye kutengenezewa tamthilia ya televisheni. Humo watu walio kwenye sayari tofauti hawapigiani simu. Wanarekodi ujumbe, wanautuma, wanasubiri kama tulivyokuwa tukisubiri barua. Makombora yao hubeba kompyuta yake na kumfuata adui yenyewe.

Hata Weber, pamoja na mawasiliano yake ya kasi, alilipa kombora kiongozi uwezo wa kuendelea na kazi lenyewe mawasiliano yakikatika.

Njia hii ya pili ndiyo inayotumika katika maisha halisi. Agosti 2012 shirika la anga la Marekani, NASA, liliteremsha roboti ya Curiosity kwenye sayari ya Mars. Siku hiyo ujumbe ulihitaji dakika 14 hivi kutoka Mars hadi duniani. Safari ya kutoka juu ya anga ya Mars hadi kugusa ardhi ilihitaji dakika 7 tu. Fikiria maana yake: wahandisi walipopata taarifa kwamba roboti ndiyo kwanza inaingia kwenye anga, roboti ilikuwa imeshakaa ardhini dakika 7, nzima au imevunjika. Hakuna aliyeweza kuisaidia. Kufungua mwavuli, kuwasha injini na kujishusha kwa kamba, vyote iliviamua yenyewe kwa maelekezo iliyopewa kabla. Ilitua salama.

Nilipofika hapo nikakumbuka kwamba hata mwili wa binadamu umeumbwa hivyo, na hili ni eneo langu. Mtoto akigusa sufuria ya moto, mkono hurudi kabla hajahisi maumivu. Taarifa kutoka kwenye kidole huishia kwanza kwenye uti wa mgongo, na amri ya kuondoa mkono hutokea palepale. Ubongo hupata habari baadaye kidogo, ndipo mtoto analia. Mkono ungesubiri ubongo uhisi na kuamua, ungeungua zaidi.

Usiku wa masika

Shemeji yangu ni dereva wa lori la masafa marefu, barabara ya Tunduma. Akiwa safarini, mambo ya nyumbani huamuliwa kwa simu. Ada, kodi ya nyumba, hata mtoto akiugua, watu husema "tumpigie baba kwanza." Sioni ubaya, nyumba nyingi ninazozijua ziko hivyo.

Usiku ule dada yangu alikuwa msibani Tanga. Nyumbani walibaki bibi, huyu kijana muulizaji, na mdogo wake wa kike mwenye miaka 2. Binti alishinda na homa. Bibi alimkanda kwa maji na kumpa dawa ya kushusha homa. Saa 4:00 usiku alianza kukakamaa, macho yakageuka juu, mikono ikatikisika. Degedege.

Bibi alimpigia shemeji, hakupatikana. Alimpigia dada, simu ilikuwa imezima chaji. Kijana akatuma ujumbe kwa baba yake. Bibi akasema wasubiri kidogo, baba atajibu. Alikuwa na hofu, ni usiku, mvua inanyesha, pesa ya usafiri na matibabu hutoka kwa baba. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kuamua bila yeye.

Kijana ndiye aliyekataa. Alisema, "Bibi, mama alisema degedege hatusubiri mtu." Akatoka na mvua ile kwenda kumgongea jirani ambaye huendesha bajaji. Binti akafikishwa kituo cha afya, akapimwa, ikaonekana ni malaria. Alilazwa siku tatu. Leo ni mzima, anakimbia na kuvunja vikombe.

Jibu la shemeji liliingia kwenye simu saa 4:50 usiku: "Mpelekeni hospitali haraka." Lilikuwa jibu sahihi kabisa, lililochelewa kwa dakika 50. Lilipofika, mtoto alikuwa ameshaanza dawa.

Kuchelewa kwa kwanza

Katika afya ya uzazi tuna somo maarufu linaloitwa ucheleweshaji wa aina tatu. Lilielezwa katika miaka ya 1990 kuhusu vifo vya wajawazito, lakini linamfaa mgonjwa yeyote wa dharura. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda kutafuta huduma. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Tukiandika habari, sisi waandishi tunapenda sana wa pili na wa tatu, barabara mbovu na foleni za hospitali. Ule wa kwanza hutokea ndani ya nyumba zetu, na mara nyingi chanzo chake ni mtu aliye na mgonjwa kusubiri ruhusa ya mtu aliye mbali.

Simu za mkononi zimesaidia sana. Lakini pia zimetuzoesha kuamini kwamba tuna ansibo mfukoni, kwamba baba aliye Tunduma au mama aliye kazini anaona yanayotokea na amri yake itafika papo hapo. Ukweli ni kwamba mtandao hukatika, chaji huisha, na hata simu ikipokelewa, aliye mbali anaamua kwa habari aliyosimuliwa, wakati hali ya mtoto inabadilika kila dakika.

Maelekezo ya kuacha kabla ya safari

Mzazi, ukiwa unaondoka, jambo la kufanya ni lile walilofanya wahandisi wa Curiosity: acha maelekezo yanayojitosheleza. Dada yangu na mumewe sasa wameyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni.

Juu kabisa kuna dalili za hatari kwa mtoto mdogo, zilezile zinazofundishwa kwa wahudumu wa afya: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea sana au hazinduki. Ukiona hata moja, mtoto anapelekwa kituo cha afya saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Chini yake kuna jina la anayeamua. Wameandika: "Bibi anaamua. Bibi hayupo, mkubwa yeyote aliyepo. Baba na mama wataarifiwe mkiwa njiani." Dada anasema mstari huo ndio uliochukua mazungumzo marefu zaidi, maana shemeji ilibidi aseme kwa mdomo wake, mbele ya mama mkwe, kwamba hatamlaumu mtu kwa kuamua bila yeye hata kama ikionekana haikuwa kitu.

Kisha kuna akiba ya pesa na mahali ilipowekwa, kadi ya kliniki na ya bima, namba za majirani wawili wenye usafiri, na kituo cha afya kilicho wazi usiku.

Mwisho kuna maelekezo ya degedege lenyewe. Mlaze mtoto kwa ubavu mahali salama. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni. Usimshike kwa nguvu kuzuia mtikisiko. Anza safari.

Yule kijana wa kwenye sinema

Nilirudi Jumamosi iliyofuata na majibu yangu. Kijana alisikiliza habari za ansibo, za Mars na za sufuria. Kisha tukamalizia sinema, na nashukuru nilikuwepo, kwa sababu mwisho wake unahitaji mtu mzima pembeni. Marekani ilipewa angalizo la wazazi kwa watoto walio chini ya miaka 13.

Kama hujaiona, mwisho wake ni huu. Ender ameambiwa kwamba vita anavyoongoza ni mazoezi, mchezo wa kompyuta wa kupima uwezo wake. Anashinda mchezo wa mwisho kwa kuangamiza sayari nzima. Ndipo wakubwa wanamwambia hakukuwa na mchezo: manowari zilikuwa za kweli, askari wake walikufa kweli, na viumbe wa sayari ile wameangamia kweli. Mtoto aliyetoa amri anavunjika moyo.

Kifaa chake hakikuchelewa hata sekunde moja. Kilichokosekana ni watu wazima kumwambia ukweli kuhusu kile anachokifanya.

Nilimuuliza kijana angefanya nini kama angekuwa Ender. Alinyamaza, akasema, "Ningeuliza kwanza huko kuna nani." Tuliongea nusu saa nzima kuhusu michezo ya vita anayocheza kwenye simu, na vita anavyoviona kwenye taarifa ya habari, na tofauti yake. Sikumpiga marufuku kucheza. Nilimwomba aendelee kuuliza swali hilo.

Wakati wa kuaga, shemeji akapiga simu kutoka barabarani. Sauti ilikuwa inakatika. Kijana akamweleza kwa kifupi kwamba ansibo haipo na haitakuwepo, Einstein amekataa. Shemeji hakuelewa, akauliza nyumbani kuko salama?

"Kuko salama, baba," akajibu. "Ila karatasi ya jikoni imelowa, ile namba ya jirani haisomeki. Nitaiandika upya leo."